Mita Iliyohesabu Upepo

Jumatatu, 4 Machi

Mkuu wa vipimo anastaafu. Katangaza leo asubuhi, mbele ya matangi ya maziwa, huku akifuta miwani. Miaka kumi na tisa nimeyangoja maneno hayo katika kiwanda hiki. Nilikohoa kidogo ili meneja anione. Aliniona, akaniuliza kama nina mafua.

Nafasi imebaki kwa watu wawili, mimi na shemeji. Alhamisi mita zetu zitafungwa kwenye bomba moja, maji yapite, yamwagike kwenye pipa lenye alama za lita. Itakayokaribia hesabu ya pipa ndiyo mshindi.

Shemeji ni mdogo wake mke wangu. Alikaa kwangu miaka miwili kabla hajapanga chumba chake. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika spana. Sasa kaja na mita ya sumaku, ndani hamna hata kitu kinachozunguka. Yangu naiita Pangaboi: feni ndogo ndani ya bomba. Maziwa yakipita inazunguka, kihisi kinahesabu mizunguko. Mita ya kiungwana.

Mama mkwe, ambaye anakaa kwetu, kasema jioni kwamba mwanawe tangu utotoni alikuwa na kichwa chepesi. Mimi hakunitaja. Nimelala mapema.

Jumanne, 5 Machi

Nimeazima kijitabu cha mita ya shemeji. Sikuomba. Nimekisoma chooni, mlango nimeubana kwa mguu.

Kumbe ndivyo inavyofanya kazi. Sumaku imezunguka bomba. Kioevu kinachopitisha umeme kikikatiza hapo kinazaa umeme kidogo, na kikienda kasi unaongezeka. Mita inasoma umeme huo. Nilikata tamaa mpaka ukurasa wa thelathini na moja. Hapo wameandika kwamba maji yaliyoondolewa chumvi zote hayapitishi umeme wa kutosha, na mita haitaona kitu.

Nimeirudia sentensi hiyo mara nne.

Boila yetu, inayotoa mvuke wa kuchemshia maziwa, hunywa maji ya namna hiyo hiyo. Tangi lake liko nyuma ya ukuta wa chumba cha majaribio. Kuhamisha mpira mmoja wa maji tu, basi. Pangaboi haijali chumvi. Chochote kinachopita kinaizungusha.

Jumatano, 6 Machi

Nimekwenda kukagua njia ya mpira. Fundi wa boila, mama mmoja asiyecheka ovyo, akanikuta nyuma ya tangi lake. Akauliza natafuta nini. Nikasema natafuta spana. Akaitazama spana mkononi mwangu, kisha akanitazama mimi. Akaenda zake.

Jioni shemeji kaja kumwamkia mama yake. Akaniomba ushauri kwa adabu zote: mita aifunge karibu na kona ya bomba, au mbali? Nikamwambia karibu kabisa. Akasema, "Lakini shemeji, si wewe uliyenifundisha kwamba maji yakitoka kwenye kona yanavurugika, mpaka yapate bomba lililonyooka ndiyo yatulie?"

Nikasema nilikuwa namjaribu. Mke wangu aliinua macho kutoka kwenye ushonaji wake, akayashusha.

Alhamisi, 7 Machi

Asubuhi niliwahi kuliko wote nikahamisha mpira. Saa nne meneja akafika na daftari. Pampu ikawashwa. Mita ya shemeji ikaonyesha sifuri. Maji yanamwagika pipani watu wote wanaona, nayo sifuri. Shemeji alipauka. Akaigonga kwa kidole, akakagua nyaya. Niliona raha ambayo sijaiona tangu harusi yangu. Ilidumu kama dakika sita.

Tangi la boila halikuwa limejaa. Sikuangalia. Kioo cha kuonyesha kimo cha maji kiko ubavuni pake, kirefu kama mimi, na sikukiangalia. Tangi likakauka, pampu ikaanza kuvuta hewa, na hewa ni nyepesi. Pangaboi ikazunguka kama imepagawa. Pipani zilikuwa lita mia nne. Pangaboi ikasema elfu moja mia moja na thelathini. Meneja akauliza hizo nyingine ziko wapi. Mita yangu ilikuwa imehesabu upepo.

Ndipo upande wa pili kengele ikalia. Boila imekosa maji, imejizima. Mvuke ukakatika, na maziwa ya asubuhi nzima yakabaki nusu yamechemshwa. Hayafai tena.

Ijumaa, 8 Machi

Wameyamwaga. Nilisimama nikayaangalia yanavyoingia kwenye mtaro, meupe, taratibu, bila mita yoyote.

Meneja katuita ofisini. Kauliza nani aliyegusa mpira. Fundi wa boila akanikazia macho, akangoja. Mimi nikafungua mdomo. Nia nilikuwa nayo, naapa. Shemeji akawahi: akasema kuunganisha mabomba ilikuwa kazi yake, na alipaswa kuhakikisha maji yanatoka wapi. Kapewa barua ya onyo. Nikafunga mdomo.

Ukuu wa vipimo kapewa fundi wa boila. Meneja kasema ndiye pekee aliyetazama kioo cha tangi, ndiye aliyekimbia kuzima pampu.

Nyumbani habari ya barua ya onyo ilinitangulia, na mke wangu ananijua. Akaja akakaa ukingoni mwa kitanda. Hakupaza sauti. "Umemwacha mdogo wangu abebe mzigo wako," akasema. "Na yeye kakusitiri kwa ajili yangu, si kwa ajili yako." Kisha akahamia chumba cha mama yake, na mto wake.

Nimebaki natazama dari. Mwanamume wa miaka hamsini na moja.

Jumatatu, 11 Machi

Kwa aibu ya Pangaboi nimehamishiwa chumba cha hewa, kule zinakonguruma mashine za kusukuma hewa ya mitambo. Msimamizi wa huko ni mzee mmoja mpole. Kanipa kigoda, kanionyesha mita yake. Ndani ya bomba kuna waya unaopashwa moto. Hewa ikipita inaupoza, na kadiri hewa inavyozidi ndivyo umeme unavyohitajika zaidi kuuweka na joto lilelile. Kwa umeme huo wanajua hewa iliyopita. Kasema kwa miaka kumi na miwili hajakosea hata siku moja, na mwezi ujao watamchagulia msaidizi mkuu kati yangu na mwenzangu wa zamu ya mchana.

Leo niliamua kumwandikia meneja, nikiri yote, ili shemeji afutiwe onyo. Nilipata karatasi nzuri, nene. Nikaandika "Mheshimiwa Meneja". Nikakaa. Nikawaza: waya ule ukilowa wakati wa zamu ya mchana utapoa zaidi, mita itadanganya, na kosa litakuwa la mwenzangu.

Karatasi nimeigeuza. Upande wa nyuma nimechora bomba, waya, na kitambaa kibichi.