Matanga ya Kioko

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Leo nimekuwa msanii. Bi Fadhiya, mwenye ukumbi wa sanaa hapa Mji wa Kale, ametangaza shindano: kazi yoyote ya ubunifu inayotokana na vyombo vya baharini. Kila mtu aonyeshe kazi yake Jumamosi, popote apendapo. Atakayevuta watu wengi zaidi atapewa chumba cha mbele cha ukumbi mwezi mzima. Chumba hicho ni changu. Wengine tu ndio hawajaambiwa.

Mpinzani ni mmoja, Morgan, karani mwenzangu katika ghala la Shimanzi. Anaunda vijimashua kwa champali kuukuu alizookota jalalani Kibarani. Nani atatoka kwake kwenda kutazama champali za watu wengine?

Jumanne, 5 Agosti

Mimi sichori mashua. Nachora juu ya tanga lenyewe! Nyuma ya ghala kulikuwa na maturubali matatu ya lori, yametupwa. Nimeyabeba kwa tuktuk, dereva akinung'unika njia nzima.

Nimemuuliza Zein, fundi anayeshona tanga hapa mtaani, yakiwa matatu huitwaje. Akasema matanga. Akafungua kinywa aongeze neno, nikamwambia inatosha, mimi Kiswahili nilipata A tangu shuleni Makueni.

Alhamisi, 7 Agosti

Kazi imekamilika. Tanga la kwanza lina samaki. La pili lina macho mawili, yale ya kwenye omo, mbele ya chombo. La tatu nimejichora mwenyewe, uso mkubwa, nimezungukwa na asmini. Chini nimeandika KIOKO, 1991, kisha kistari. Wasanii wakubwa huandikwa miaka yao. Mbele ya kistari sikuandika kitu kwa kuwa bado nipo.

Bi Mwanakhamis, mwenye nyumba ninayopanga, ametazama na kuniuliza kwa nini namletea uchuro mlangoni. Nikamwambia kwa upole kwamba sanaa haimwingii kila mtu.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimebandika mabango vichochoroni, na moja mlangoni pa ofisi, asubuhi mapema kabla wenzangu hawajafika. Kisha nikajipa siku ya mapumziko. MATANGA YA KIOKO. JUMAMOSI SAA NANE MCHANA, NYUMBANI KWA BI MWANAKHAMIS. NYOTE KARIBUNI. Maneno machache, yenye uzito.

Mama mmoja nisiyemjua amesoma, akanigeukia, akaniambia "makiwa". Neno la kipwani, sikuwahi kulisikia. Nikamshukuru, nikamwambia yapo mengine ndani. Alinitazama sana.

Jumamosi, 9 Agosti

Watu! Saa saba tu kichochoro kimejaa. Wanaume wameleta mikeka bila kuombwa, muuza kahawa na birika lake, akina mama wamejitanda leso. Morgan kaziacha champali zake akaja kwangu. Nilijificha nyuma ya tanga la tatu ili nitokee kwa kishindo saa nane.

Nilisikia watu wakilia. Nikasema kumbe sanaa ina nguvu hivi! Rosebella, bosi wetu, alisimama akasema hajapata karani mtiifu kama mimi. Jumatano alinikaripia mara mbili. Morgan alilia hadi kwikwi, nikajua wivu umemzidi. Ndipo Rosebella akamwambia Jumatatu ahamie meza yangu ya dirishani.

Hapo sikuvumilia. Nililiinua tanga nikatokea, mikono nimeitanua.

Rosebella alikimbia akaacha kiatu. Morgan aliketi juu ya birika la kahawa. Ni Bi Mwanakhamis peke yake aliyebaki pale pale, akanieleza mbele ya umati, taratibu kama anayefunza mtoto, kuwa matanga ni ya vyombo, na matanga ni ya maiti pia, na makiwa ni pole ya wafiwa. Nikasema hilo la matanga nilikuwa nalijua. Na kweli nalijua tangu utotoni, ila wiki hii halikunijia. Niliona aibu, masikio yakawaka moto.

Simu ikalia. Mama, yuko ndani ya basi, amefika Voi, anaomboleza. Binamu yangu wa Changamwe alikuwa amemtumia picha ya bango. Aliposikia sauti yangu aliniuliza mara mbili kama ni mimi. Kisha akaniambia nisiondoke hapo nilipo.

Jumapili, 10 Agosti

Mama alifika jana jioni na shangazi wawili. Alivua champali, akanicharaza nayo mgongoni, kisha akanikumbatia shingoni akalia. Nami nililia. Sikujua kama ninapendwa kiasi hicho.

Bi Fadhiya ametoa uamuzi. Kwangu alihesabu watu mia na arobaini, ila anasema walimjia marehemu, hawakuijia sanaa. Kwa Morgan walifika kumi na mmoja. Chumba kapewa Morgan. Dhuluma iliyoje!

Jumatatu, 11 Agosti

Morgan amekataa kutoka kwenye meza yangu. Anasema alikwisha kunililia, hawezi kurudisha machozi. Nimepewa meza ya karibu na choo.

Lakini nimefikiri sana, na kosa nimeliona: lilikuwa ni tanga. Tanga halifai. Desemba kuna shindano jingine, nami nitachonga ile sehemu ya nyuma ya chombo, kubwa, yenye nakshi za maua. Nimekwenda kumuuliza Zein inaitwaje. Akasema tezi. Akafungua kinywa aongeze neno, nikamwambia inatosha.

Mabango yako tayari. Moja nitabandika ofisini, jingine njia ya kwenda hospitali, maana hapo hupita wazee wengi wa kiume, watu wenye muda wa kutazama. Safari hii nimechagua neno fupi, lisilo na mashaka: TEZI KUBWA YA KIOKO. NJOONI MUIONE. KUISHIKA RUHUSA.