Mti wa Barabara ya Kettle

Jumanne, 5 Mei
Geti la barabara ya mlimani limefunguliwa! Tangu Novemba Barabara ya Kettle ilikuwa imefukiwa na theluji, leo nimepanda na pikapu hadi maegesho ya juu, njia ya mlimani inapoanzia. Lami kavu kabisa. Theluji inaanzia pale pale kwenye kibao cha njia, haijaguswa na mtu. Wa kwanza kuteleza kutoka mlimani baada ya geti kufunguliwa hukabidhiwa skii kuukuu, ubao wa kutelezea thelujini, mali ya chama chetu cha watelezaji, aitundike sebuleni mwaka mzima. Iko kwa jirani yangu, Lorna Haugen, tangu sijui lini. Naiona dirishani kwake kila nikinywa kahawa. Imetosha!

Tatizo, skii zangu ziko kwa fundi hadi Ijumaa. Na hapa kwetu anayetangulia barabarani huwaandikia wenzake kwenye ukurasa wa chama alichokuta huko. Basi nimeandika: mti mkubwa umeanguka, hakupitiki. Ardith, mke wangu, kauliza mti gani huo. Nimemwambia kule msituni miti ni mingi.

Alhamisi, 7 Mei
Balaa! Lorna kanishukuru mbele ya chama kizima. Kisha akatangaza kwamba Jumamosi asubuhi watu wa kujitolea watapanda na misumeno ya injini wakaukate huo mti. Nusu ya mji wamejiandikisha. Watu hawa hawawezi kusikia mti umelala barabarani wakatulia majumbani! Hata biskuti zinaokwa. Ardith kasema nikaungame mapema, yaishe. Niungame nini? Kinachokosekana ni mti tu.

Jumamosi, 9 Mei
Nimeondoka alfajiri mbiombio. Msumeno, kamba, shoka. Kuna mti mkavu umeinama kandokando ya barabara. Nikaupita, nikaegesha upande wa juu. Mpango ulikuwa safi: wao wahangaike na gogo, mimi niko mlimani nateleza. Nikakata. Ukaanguka katikati ya barabara, umenyooka! Sijawahi kufanya kazi nzuri hivi maishani.

Nikapanda hadi maegesho. Nikafungua nyuma ya gari. Msumeno, kamba, shoka. Skii, nilizozichukua kwa fundi jana jioni, zimebaki kibarazani, nilipoziegemeza mlangoni ili nisizisahau. Kati yangu na kibaraza, mti!

Nilitukana hadi nikachoka. Nikashuka kuungoja msafara. Walipofika wakashangilia: "Mzee Wendell, umetutangulia kazini!" Nikasema mtu hufanya anachoweza. Lorna akakizunguka kisiki, akakipapasa, akanisogelea sikioni. "Jirani, mti umeanguka wenyewe, halafu kisiki kikajipiga msumeno?" Nikamwambia upepo wa mwaka huu haukuwa wa kawaida.

Walimaliza upesi mno. Mwanamke yule alikuwa na skii zake juu ya gari, bila shaka. Akanipita akinipungia mkono. Mchana akashuka mlimani anapiga vigelegele, nami nimeshika biskuti. Iliniuma. Sitaficha, iliniuma sana.

Jumapili, 10 Mei
Mkutano wa chama. Lorna kanipendekeza niwe mkaguzi wa barabara, eti hakuna mwingine mwenye bidii na barabara ile kama mimi. Mikono yote juu! Nimekubali, nikatoa hotuba fupi. Hatimaye mji huu umeanza kuniheshimu.

Nyumbani Ardith kanisomea kanuni. Mkaguzi haruhusiwi kushindania skii ya chama. Si mwaka ujao wala mwingine, maadamu yuko kazini. Lorna alijua! Ardith alicheka mpaka akakaa chini. Nimemwambia nijiuzulu, nimpe Lorna raha hiyo? Thubutu!

Jumatatu, 11 Mei
Nimeamka na akili mpya. Kosa langu halikuwa uongo. Kosa lilikuwa kuchagua kitu kinachokatika kwa msumeno. Lorna anataka kurudi mlimani Jumamosi na dada yake, wakapige picha na ile skii. Hawatafika. Kama mimi siteremki mlima ule, hateremki mtu!

Nimeandika ripoti yangu ya kwanza kama mkaguzi: daraja limesombwa na maji, barabara imefungwa. Ardith kanikumbusha kwamba Barabara ya Kettle haina daraja. Nimemwambia asinisumbue, naanza kulijenga kesho.