Jinsi Nilivyoifufua Boti ya Mama Mkwe

Jumatatu, 14 Julai 2025

Leo nimeanza. Saa moja asubuhi nimepanda ndani ya boti. Nimetoa kuku wanne, mayai kumi na moja, magunia mawili ya majani makavu ya mkorosho, na kiatu changu kilichopotea mwaka wa harusi yangu. Chini ya hayo yote, boti nzima! Miaka kumi na moja imelala hapa Shangani, Mtwara, uani kwa mama mkwe wangu Bi Mwajuma. Mvua yake, jua lake. Mchwa wa ua huu wamekula mlango wa choo, mbuzi ya kukunia nazi na mguu mmoja wa kitanda cha mama. Boti hawakuionja. Fiba, jamani! Nyuzi za kioo zimelowekwa gundi, basi. Kioo, kitu cha kuvunjika kikikuponyoka, watu wamekifanya boti! Nilikaa mle ndani nusu saa nashangaa tu.

Mara akaja shemeji Issa, mdogo wake mke wangu, na futi kamba. Anataka kuikata katikati. Nusu ya mbele aisimamishe Chikongola iwe kibanda cha chipsi. Mama akatusikiliza wote wawili, akaamua. Boti ilikuwa ya marehemu mumewe, Mzee Mohamedi, aliyepeleka watu mpaka mdomo wa Ruvuma. Mzee kazikwa Msimbati. Barabara inamuumiza mama kiuno, kaburi la mumewe hajaliona mwaka wa tatu huu. Basi, Jumamosi ya tarehe ishirini na sita, maji makubwa ya bamvua yakijaa, boti ishushwe majini. Ikielea, kesho yake anakwenda Msimbati, na boti inakuwa ya aliyeifufua. Isipoelea, msumeno wa Issa.

Nikatangaza mbele ya wote kwamba naifufua mimi, kwa mikono yangu hii. Mke wangu Latifa akatazama mbinguni. Anaomba dua, nadhani.

Jumanne, 15 Julai

Mama, bila kuniuliza, kamwita fundi! Fundi Agnes, mama mmoja wa Mwanza ambaye mumewe anafanya kazi bandarini. Yeye hutengeneza matangi na boti za fiba. Nilijiandaa kumdharau. Sikuweza.

Alikuja na kijiko cha chai. Kijiko! Akaanza kuizunguka boti akiigonga polepole, sikio karibu. Ti, ti, ti. Anasogea. Ti, ti, tu. Hapo anasimama, anachora duara kwa chaki. Mahali pazima panalia ti, penye maradhi panalia tu. Alizunguka saa nzima, na sisi wote nyuma yake, hata Issa. Maradhi ishirini na matatu. Hakuna daktari aliyewahi kunisikiliza mimi namna ile.

Akaeleza. Tuioshe chumvi kwa maji baridi ya bomba, tuiache ikauke sawasawa, tusage pabovu mpaka tufike pazima, ndipo kitambaa cha nyuzi na gundi. Gundi haigandi mpaka itiwe dawa, na dawa ni ya matone. Akarudia mara tatu: matone. Nikamshukuru, nikamwambia somo limeingia, sitamsumbua tena. Halafu akamkabidhi mama vifaa, akaenda zake.

Jioni nimegonga nyumba nzima kwa kijiko. Mtungi: ti. Ukuta wa chumbani: tu. Shemeji Issa alipoinama kuvua viatu nikamgonga kisogoni: tu. Nilijua siku nyingi. Latifa anauliza kijiko chake kiko wapi.

Alhamisi, 17 Julai

Boti nimeiosha na kuianika. Leo nimepiga msasa. Vumbi la fiba linawasha kuliko upupu! Nimejikuna mpaka jirani akanitolea dawa ya upele. Lakini nitaandika lililotokea.

Nilianza na omo, kule mbele, penye jina. Sote tunaijua boti hii kwa jina la AMANI. Nikasugua. Rangi ya bluu ikatoka, chini yake kijani. Nikasugua kijani, chini yake nyeupe. Na juu ya nyeupe, herufi! Nyekundu, mkono wa Mzee mwenyewe. Herufi moja moja zikawa zinanijia kutoka kwenye vumbi. Nilisahau hata kujikuna.

MWAJUMA KANUNA.

Nikamwita mama. Alikuja na ungo wa mchele mkononi, akasoma, akasoma tena. Akauweka ungo chini. Akasema mwaka ule boti ilipokuwa mpya yeye alikasirika, akakataa katakata kuipanda, siku saba hakumsemesha mumewe. Walipopatana, Mzee akapaka rangi haraka haraka, na kila alipoulizwa jina la kwanza lilikuwa nini alijibu kasahau. Miaka thelathini alimficha! Mama alicheka mpaka akakaa mchangani, na machozi yakawa yanamtoka palepale anapocheka. Akapitisha kidole kwenye kila herufi. Mimi nilisimama na msasa wangu kama niko msikitini.

Baadaye nimemwona anapiga pasi kanga yake mpya. Ya safari. Lazima boti hii ielee.

Ijumaa, 18 Julai

Baada ya swala nimeanza kazi ya gundi. Matone, alisema. Lakini matone ni ya mtu mwenye muda. Mimi nina siku nane! Nikapiga hesabu kwamba dawa ikizidi, gundi itawahi kuganda. Nikamimina kizibo. Kimoja. Vitatu.

Subhanallah! Ndoo ilianza kuwa ya moto mkononi mwangu. Hakuna jiko, hakuna kiberiti. Ikatoa moshi. Ikachemka! Kitu kinachemka chenyewe, katikati ya ua, mchana kweupe! Ndoo ya plastiki ikalegea, ikainama, ikalala. Kuku walihama mtaa. Issa akauliza kutoka ng'ambo ya ukuta kama chipsi zimeiva. Ndani ya dakika kumi likabaki jiwe la njano lenye mpini wa ndoo. Zuri mno. Nimeliweka dirishani.

Tatizo ni kwamba nusu ya gundi ndiyo ile iliyokwenda. Kumwomba Fundi Agnes nyingine? Kamwe. Basi nikakaa, nikawaza, na wazo likanijia lenyewe. Mafuta ya maganda ya korosho! Mimi ni karani wa mizani ya korosho, mwaka wa kumi na tisa huu. Nani asiyejua mafuta yale? Paka nguzo, mchwa hagusi. Paka mlango, maji hayaingii. Mazito, meusi, yananata. Wazungu na gundi yao, na dawa imelala humu humu kwetu! Nimekwenda kwa rafiki yangu anayebangua korosho njia ya Naliendele, kanipa ndoo nzima. Nimechanganya na gundi iliyobaki, nusu kwa nusu, na dawa ya matone, kama mtu mwenye adabu. Ishirini na matatu yote nimeyaziba kabla ya magharibi. Inang'aa kama halua.

Fundi Agnes angeiona angelia.

Jumapili, 20 Julai

Haijaganda.

Siku mbili za jua kali. Haijaganda, haina hata dalili. Imeshika nzi, majani, manyoya, na kuku mmoja ambaye tumemtoa kwa mkasi. Asubuhi niliikalia kidogo kuipima. Suruali imebaki kule. Mimi nilifika ndani nimejisitiri kwa ungo.

Hayo si kitu. Mikono! Malengelenge viganja vyote viwili. Na kwa kuwa nilijikuna, shavu pia. Na kwa kuwa niliikalia, basi. Mtoto wa darasa la pili Mtwara anajua mafuta ya korosho yanababua ngozi. Miaka kumi na tisa nawakemea wabanguaji wapake majivu mikononi. Mimi mwenyewe sikupaka! Nimelala kifudifudi, naandika hivi hivi.

Issa kaja na msumeno na kamba, kapima katikati ya boti, kaweka alama. Sikuweza kuinuka kumzuia. Lakini lililoniumiza ni mama. Alitoka, akagusa kiraka kimoja, akatazama kidole chake cheusi. Hakunigombeza. Angenigombeza ingekuwa nafuu. Alirudi ndani, na kupitia mlangoni nikamwona anaikunja ile kanga ya safari, anairudisha sandukuni. Nimejisikia vibaya sana, sina neno jingine.

Jumatatu, 21 Julai

Latifa kaondoka alfajiri bila kuaga. Karudi kwenye bajaji na Fundi Agnes na ndoo mbili mpya za gundi.

Fundi alinusa tu, akauliza nani katia korosho. Nikasema labda ni hewa ya mkoa wetu. Hakucheka. Akaeleza kwamba mafuta yale na gundi hii ni maadui, yakikutana gundi haigandi hata ingoje Kiyama. Akachora mstari mchangani, hatua kumi kutoka kwenye boti, akanionyesha upande wangu.

Kwa hiyo nimetazama. Na nimeona mambo! Wamekwangua uchafu wangu wote, wakasaga mpaka pazima. Fundi akatandika kitambaa, cheupe kama sanda, juu ya tundu. Akakinywesha gundi kwa brashi, taratibu. Na kitambaa kikatoweka! Mbele ya macho yangu! Kiko pale na hukioni, kimekuwa maji. Tabaka la pili, la tatu. Saa sita mchana akachukua kijiko, akagonga. Ti! Kitambaa kimekuwa mfupa. Nilipiga makofi, nikajutia malengelenge.

Na mwenye kushika grenda, kajifunga kanga puani, vumbi mpaka kwenye kope, ni nani? Latifa! Miaka kumi nimekaa na mwanamke huyu najua anapika tu na kunitazamia mbinguni. Anaisaga fiba kama anasaga muhogo. Nilimwita, hakusikia. Nikabaki namtazama.

Alhamisi, 24 Julai

Siwezi kukaa bure wenzangu wakifanya kazi. Hatari iliyobaki ni moja: msumeno wa Issa, umeegemea ukuta. Saa saba, wanawake wakila, nikavuka mstari (mara moja tu!) nikauficha ndani ya boti, kwenye uvungu wa kiti cha nyuma. Hakuna ambaye angeutafuta pale.

Kweli hakuna aliyeutafuta. Alasiri Fundi akaziba uvungu ule kwa tabaka nne za fiba, hewa ibaki ndani, boti isizame hata ikijaa maji. Elimu kubwa! Nilitaka kusema. Nikameza. Fundi akagonga kijiko: ti. Issa anazunguka mtaa mzima anauliza msumeno.

Jumamosi, 26 Julai

Imeelea.

Ngoja niandike kwa mpangilio. Saa tisa alasiri ua ulijaa. Mama akafukiza ubani kuanzia omo mpaka tezi, shehe akasoma dua, Fundi Agnes akafanya ishara yake ya msalaba pembeni, na hakuna aliyeona ajabu. Tukaisukuma juu ya magogo ya mnazi. Watu wote! Mimi kwa viwiko. Maji ya bamvua yalikuwa yamekuja mpaka kwenye mikoko midogo, kimya. Boti ikateleza, ikaingia, ikazama kidogo. Ikainuka. Ikasimama juu ya maji yenyewe, nyepesi, nyeupe, MWAJUMA KANUNA kwa nyekundu mpya. Watu wote wakasimama na maji magotini. Hata watoto. Tulikodoa macho tu, kama hatujawahi kuona kitu kinaelea.

Issa, yule yule wa chipsi, akachuchumaa majini, akambeba mama mgongoni akampandisha. Mama alikuwa ndani ya ile kanga. Akakaa kiti cha nyuma. Boti ikayumba na chini yake kitu kikalia: kwalala! Issa akatega sikio. Ikayumba tena: kwalala! Akasema anaujua mlio ule. Watu wote wakanigeukia mimi, sijui kwa nini. Fundi akasema uvungu haufunguki ila ukatwe, na msumeno wa kukatia ndio huo ulio ndani.

Mama alicheka sana. Kisha akatoa hukumu, boti ni ya aliyeifufua. Nikajitengeneza kola, nikasogea mbele. Akamwita Latifa.

Jumapili, 27 Julai

Wamekwenda na kurudi. Waliondoka alfajiri, Issa kashika mashine ya kuazima. Mimi nimebaki, kwa sababu mama kasema nikae hatua kumi kutoka kwenye boti, na ndani ya boti hakuna hatua kumi. Wamerejea na maji ya jioni. Mama kashuka taratibu, mchanga wa Msimbati bado uko kwenye pindo la kanga. Kasema alikaa kaburini mpaka adhuhuri, akamwambia Mzee kwamba jina limeonekana. Kisha akanijia pale nilipoambiwa nikae, akanishika mkono uliofungwa bendeji, akasema ahsante mwanangu, usingeanza wewe wasingemaliza wao. Nimelia mbele za watu. Sioni haya.

Sasa wako nyumbani wanakula, na mimi niko hapa ufukweni, kwenye hatua yangu ya kumi, natazama. Boti nzuri kupita kiasi! Ila ukiinamisha kichwa hivi, upande wa kushoto, chini ya herufi M ya kwanza, kuna ufa. Mdogo kama unywele. Fundi hakuuona. Latifa hakuuona. Nimewaza sana juu ya siku ile ya korosho, na leo nimeelewa kosa lilikuwa wapi. Nusu kwa nusu! Gundi ndiyo iliyoyaharibu mafuta.

Yamebaki nusu ndoo. Safari hii nitayatia matupu.