Nyumba ni Pale Panapopikwa

"Wananchi wote mnatangaziwa kwa furaha kuu kwamba kuanzia leo mnaruhusiwa kujenga chumba uani." Ndivyo tangazo lilivyoanza, kwa herufi nene, na wengi waliishia hapo wakakimbilia kununua matofali. Kosa lao. Chini yake kulikuwa na kurasa arobaini na mbili zikieleza kwa nini ruhusa hiyo isitumike.

Kurasa zile zilitungwa na Mkuu wa Idara ya Majengo Saidizi, ambaye mji mzima ulimwita Sentimita, naye akadhani ni heshima. Kamati yake ilikuwa imekwama siku tatu: kwenye kiwanja chenye majengo mawili, lipi ni Jengo Kuu na lipi ni Saidizi? Mjumbe mmoja alisema Kuu ni lile kubwa. Sentimita alimwonea huruma. Ukubwa ni mambo ya macho, alimweleza, na ofisi haiendi kwa macho. Akachukua kalamu akaandika Kifungu cha 3: Jengo Kuu ni lile ambamo chakula cha nyumbani hupikwa, mengine yote ni Saidizi, na Saidizi halitazidi mita za mraba ishirini. Kamati ikapiga makofi. Ilikuwa karibu saa saba mchana na wote walikuwa na njaa.

Kiwanja cha kwanza kukaguliwa kilikuwa cha fundi cherehani mmoja, mwanamke aliyeishi na mama yake mzazi. Magoti ya mama yalikuwa yamegoma. Ngazi nne za mlango wa mbele alizipanda kwa makalio, moja moja, uso kaugeuzia ukutani majirani wasimwone. Binti akaona afadhali amjengee chumba uani, kisicho na ngazi hata moja. Na kwa kuwa bibi asiyepika hujiona amekwisha, jiko la gesi likahamia humo, na cherehani ikachukua nafasi yake ndani.

"Shikamoo, mzee," fundi alimpokea Sentimita.

"Marahaba. Hapa kwako panapikwa wapi?"

"Humu kwa mama. Karibu, chai iko tayari."

Sentimita alichungulia, akaona sufuria, akafurahi. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuiona sheria yake ikichemka.

"Basi hiki chumba ndicho Jengo Kuu."

"Hiki? Na ile nyumba?"

"Saidizi. Ina mita sitini na nne. Utabomoa arobaini na nne ndani ya wiki mbili."

Bibi alimvuta binti yake upindo wa kanga. "Huyu bwana anasemaje?"

"Anasema nyumba yetu ni kibanda, mama. Na kibanda ndiyo nyumba."

Bibi alimtazama Sentimita kuanzia viatu hadi kofia. "Ana ndugu wa kumwangalia huyu?"

Fundi alijaribu tena. "Mzee, nikirudisha jiko ndani leo hii?"

"Hapo utakuwa umehamisha Jengo Kuu. Kuna fomu. Miezi tisa."

"Yaani kubomoa ni wiki mbili, kuhamisha sufuria ni miezi tisa."

"Umeelewa vizuri sana. Halafu soma Kifungu cha 11, mwenye kiwanja lazima alale Jengo Kuu."

"Mimi na mama, kitanda kimoja?"

"Kitanda hakikutajwa kwenye kanuni."

Mkaguzi aliyekuja naye, mtu mzima aliyebakiza mwaka mmoja astaafu, alichora X nyekundu ya kubomoa kwenye ukuta wa nyumba. Aliichora ndogo, chini pembeni, ila kazi ni kazi. Fundi aliuangalia ukuta ule. Miaka kumi na mmoja alikuwa ameujenga kwa sketi za shule na mashati ya watu, na sasa alitaka kulia, hasira ikamzuia.

"Kanuni hizi ni za wote, mzee?"

"Wote. Kifungu cha 2, hakuna atakayesamehewa peke yake. Mimi sina upendeleo."

"Ahsante," alisema fundi, na Sentimita akaondoka akiwaza kwamba bado kuna wananchi wenye shukrani.

Alichosahau ni kwamba mapazia ya nyumba yake, madirisha kumi na sita, yalishonwa na fundi huyo huyo. Na mke wake, alipoyaona yamependeza, aliapa hayatanusa kitunguu maisha yake yote, akahamishia mapishi yote kwenye banda la nyuma, karibu na tangi la maji.

Kesho yake fundi alijaza Fomu ya Mwananchi Mwema, ile ya kuomba kiwanja cha mtu kikaguliwe. Sentimita aliitia saini pamoja na nyingine thelathini, bila kusoma. Kazi yake ilikuwa kusaini, ya kusoma alikuwa amewagawia wengine. Aliporudi nyumbani kula, alikuta ghorofa lake lina X ya kumeremeta. Safari hii mkaguzi alikuwa ameichora kubwa, katikati kabisa.

"Umefanya nini kwenye nyumba yangu?"

"Nimepima, mkuu. Hili Saidizi lina mita mia tatu na ishirini. Utabomoa mia tatu." Mkaguzi alielekeza brashi kwenye banda. "Nyumba yako ile pale. Inanukia vizuri."

Kamati iliitwa alasiri hiyo hiyo. Kujisamehe peke yake hakuweza. Ikabidi asitishe ubomoaji mji mzima mpaka kanuni zirekebishwe, jambo linalochukua miezi tisa. Kuta zote zikapona, ya fundi kwanza. Kifungu cha 11, kwa kuwa hakibomoi kitu, kilibaki palepale. Fundi alilala na mama yake kitanda kimoja, na bibi akasema hajapata usingizi mtamu hivyo tangu binti yake aache kunyonya. Sentimita alilala bandani, kati ya gunia la mkaa na mtungi wa gesi. Mke wake alibaki ghorofani; yeye hakuwa mwenye kiwanja.

Wiki ya pili Sentimita alimwita fundi. Dirisha la banda lilitazama barabara ya nyuma, na wapita njia walikuwa wameanza kumwamkia akiwa bado kitandani. Fundi alilipima kwa tepu yake, taratibu.

"Sentimita arobaini kwa arobaini."

"Nishonee haraka basi, fundi. Watu wananichungulia."

"Mzee, hili ni pazia la Jengo Kuu. Si la kukurupuka."

"Sasa litakuwa tayari lini?"

Fundi aliviringisha tepu, akaitia mfukoni.

"Kuna fomu," alisema. "Miezi tisa."