Wanafunzi Tisa wa Majani Makavu

Jumatatu, 12 Mei
Barua ya ofisi ya elimu imefika. Ijumaa mkaguzi atatazama somo langu la hesabu. Likimridhisha, shule yetu ya mlimani itabaki. Lisipomridhisha, itafungwa. Nimetulia. Ninayo mbinu iliyofaulu katika shule kubwa ya Osaka: makundi matatu, kila kundi watoto wanne. Mwalimu Hirasue, mwenye umri wa binti yangu, akaniambia nivae miwani nihesabu vichwa. Vichwa vitatu. Shule nzima! Eti tuwapeleke shambani wakahesabu miche ya mpunga. Mbinu haibadilishwi, nikamjibu. Hubadilishwa shule.

Jumanne, 13 Mei
Nimepata! Bibi Shige hushona sanamu za nguo na majani makavu, moja kwa kila jirani aliyehama au kufariki. Zimejaa vibarazani bonde zima. Nimeazima tisa zenye kimo cha mtoto. Akanionya: "Usiziite majina, Mwalimu. Zikishazoea kuitwa, huzirudishi." Bibi wa miaka tisini hakosi maneno.

Jumatano, 14 Mei
Nimeita majina. Rejesta ni rejesta. Wakaitika kumi na wawili. Nikaukemea mwangwi. Mchana Sanae, mwanafunzi wa zamu, akapakua mabakuli kumi na mawili ya supu kwa amri yangu. Yote yamerudi matupu. Namshuku Hirasue. Anasema hajala tangu asubuhi na hana hamu ya kula. Dalili ya hatia!

Alhamisi, 15 Mei
Watoto watatu wameomba kukaa pamoja karibu na mlango. Nimekataa. Kila kundi lina mtoto wake mmoja. Sanae akalalamika kwamba jirani yake humnong'oneza majibu. Nikauliza kama majibu ni sahihi. Ni sahihi. Basi analia nini?

Ijumaa, 16 Mei
Mkaguzi, Bwana Oguri, ameondoka. Amewasifu wanafunzi tisa: mikono juu, majibu papo hapo. Lakini watatu, mmoja katika kila kundi, walikaa kama waliokaushwa. Hawakupepesa jicho wala kufungua kinywa. "Mwalimu," akasema, "hao watatu ndio watakaokufungia shule." Amenipa nafasi moja tu, mwezi Juni. Hirasue akalia, akautaja tena ule mpunga wake. Msichana huyu hafundishiki. Nimepitia kwa Bibi Shige na kuagiza sanamu tatu zaidi.