Mbio za Kushika Mkia

Jumatatu, 5 Juni

Nimekwisha. Tsz-kiu anahama. Mwalimu Szeto ametangaza kwenye klabu ya maneno, katikati ya tangazo la feni mbovu na la mwavuli uliosahauliwa: familia yake inahamia Uingereza tarehe kumi na saba. Ni wa nne kutuondokea mwaka huu. Wenzangu wakapiga makofi. Makofi!

Miaka miwili nimekaa meza ya pili kutoka kwake. Kwa ajili ya msichana huyu nimekariri maneno yote ya Kiingereza yenye Q isiyofuatwa na U. Maana zake sizijui. Hakuna anayezijua, mchezo wetu wa kupanga vibao vya herufi ubaoni hautaki maana, unataka herufi. Maelfu ya maneno kichwani, na kumwambia "habari za asubuhi" siwezi, si kwa Kikantoni, si kwa Kiingereza.

Ijumaa ya tarehe 16 tutamuaga kwa mchezo wa wawili wawili. Lazima niwe mwenzake. Nikae naye bega kwa bega, saa moja tu.

Jumanne, 6 Juni

Nimepata dawa! Mwalimu hupanga wawili kwa utaratibu wake ule ule: anayeongoza jedwali huwekwa na anayeshika mkia, wa pili na wa pili kutoka chini, hivyo hivyo. Tsz-kiu anaongoza. Mimi ni wa nne kati ya wanane. Miaka miwili napanda ili nimsogelee, kumbe nilitakiwa kushuka!

Bibi yangu, ambaye kwa Kikantoni namwita Popo, alinikuta nakariri huku nakunywa uji. Akaomba mfano. Nikampa QI. Akauliza maana, nikasema sijui. Alicheka mpaka uji ukampalia. Akaniambia hiyo ndiyo anayoinyoosha kila asubuhi bustanini na wazee wenzake, ni pumzi, ni nguvu ya mwili, ni mali yetu sisi, na hao Waingereza wameichukua lini bila kumwambia?

Jumatano, 7 Juni

Nimefungwa mechi mbili. Raha iliyoje! Nilipata Q, nikairudisha kwenye mfuko wa herufi. Nikaandika CAT. Nikaandika AT. Mwalimu Szeto akanigusa paji la uso, akauliza kama nyumbani nakula vizuri. Sasa ni wa sita.

Tatizo ni Wing-hong. Alikuwa wa tatu. Leo naye kafungwa mara mbili, na watu ambao siku zote huwachapa huku anasinzia. Ati kichwa kinamuuma. Kichwa! Alikuwa anapiga mluzi.

Ijumaa, 9 Juni

Mimi wa saba, Wing-hong wa nane. Mshenzi kagundua dawa ile ile! Kanishika bega kwenye ngazi, akaniambia, "Lam bwana, usijisumbue. Kwa kushindwa hunishindi."

Imebaki mechi moja, Jumatano, na ni mimi na yeye. Atakayefungwa ndiye atakayekaa na Tsz-kiu.

Jumatano, 14 Juni

Mechi ya aibu. Kaandika IT. Nikaandika TO. Kabadilisha herufi, nikabadilisha herufi. Nusu saa imepita, alama ni ishirini kwa kumi na nane. Mwalimu akauliza kama tumegombana.

Kisha nikavuta herufi mbovu kuliko zote: irabu tano, pamoja na T na R. Moyo ukanituna kwa furaha. Hapo hapo nikasikia harufu ya sabuni ya ndimu. Tsz-kiu kasimama nyuma ya kiti changu! Anatazama herufi zangu!

Nikazitazama na mimi. ETAERIO. Herufi zote saba. Na nafasi ipo.

Nikajiambia tulia, Lam, andika ARE, ujinyamazie. Mkono ukakataa. Nimeziweka zote, moja moja, taratibu, kama mtu anayepanga maua. Alama hamsini za nyongeza kwa kumaliza zote saba. Wing-hong aliyefungwa akaruka juu, akanikumbatia mimi niliyeshinda.

Tsz-kiu akasema, "Ala, Lam! Ndiyo nini hiyo?" Mara ya kwanza kutaja jina langu. Nikamjibu kwamba ni ndege. Ndege wa baharini. Ana miguu ya njano.

"Ya njano, eeh," akasema, akaenda zake.

Ijumaa, 16 Juni

Saa nzima nimetazama kisogo chake. Wing-hong alikuwa anamchekesha. Mimi niliwekwa na wa pili, binti anayetafuna ngisi mkavu na kunichagulia maneno yote. Tulishinda, nasikia.

Mwishoni Tsz-kiu akaja mezani kwangu. Peke yake. Akasema yule ndege kamtafuta na hana mabawa. Akanipa karatasi yenye namba yake mpya. Akasema, "Tafuta maana yake ya kweli. Ukiipata, niandikie. Usiponiandikia nitakasirika, ohoo."

Nikamjibu, "Ee." Ndilo neno langu la kwanza kwake lisilo la uongo.

Jumapili, 18 Juni

Jana kaondoka. Ndege zimepita juu ya jengo letu mchana kutwa, nikaziangalia zote, ili yake isinipite.

Maana nimeipata. Ni tunda: lile linaloundwa na vitunda vingi vya ua moja. Popo, mdomo umejaa maandazi ya mvuke, kanipigia kelele mgahawa mzima ukisikia: mwandikie "ni tunda", muulize kafikaje, imekwisha, mtoto gani wewe!

Wazee hawaelewi. Tunda! Neno la chekechea. Msichana kama yule hapelekewi neno moja la chekechea. Wing-hong ndiye aliyefanya ujinga huo: kamwandikia "Umefika?" Herufi za kila siku tupu. Ati kajibiwa papo hapo, na picha ya dirisha lenye mvua, na wameongea mpaka chai ikapoa.

Namhurumia. Mimi leo nimeanza na maneno yenye J. Nikiyamaliza naingia X. Kwa mwendo huu, ikifika Mwaka Mpya nitakuwa tayari kumwandikia.