Ombi la Injini ya Daraja la Nne

Kwa Fundi Mkuu,
Karakana ya Injini za Magari ya Zamani ya Jeshi.

Shikamoo Fundi Mkuu.

Jambo hili sijapata kumwambia mtu yeyote, hata mama: kila asubuhi tunapolikaribia geti la shule, mimi huomba kimoyomoyo lori la baba lizimike.

Baba ni seremala. Lori alilinunua mnadani baada ya jeshi kulichoka, na kwa umri linamzidi yeye. Nyumbani kwetu kuna mteremko, hivyo huliachia likaserereka mpaka likawaka. Getini pa shule ni tambarare. Akisimama kunishusha, linazima.

Sasa tumepokea orodha yenu ya injini zilizofumuliwa na kuundwa upya. Daraja la Kwanza, kila kifaa ni kipya. La Pili, vilivyolika tu ndivyo vimebadilishwa. La Tatu imeoshwa, imepakwa rangi, na dhamana yake inaishia getini kwenu. Baba ameshindwa kuchagua. Amesema, "Wewe ndiye msomaji wa nyumba hii. Ijumaa uniambie." Nimesoma orodha mara tisa na nina malalamiko yafuatayo.

1. Madaraja yenu yote matatu yana kasoro moja: yanawaka. Mteja anayehitaji injini ya kuzima hamkumfikiria hata kidogo.

2. Mwaka wangu wa kwanza shuleni hakuna aliyezungumza nami ila mwalimu wa mahudhurio, naye alitaka neno moja tu, "Nipo." Mapumziko nilikaa na kitabu. Kisha lori likazima getini kwa mara ya kwanza, nami nikatamani ardhi inimeze. Golikipa wa shule akapiga kelele, "We Maktaba! Mwambie mzee atie gia ya pili, sisi tupo!" Wakasukuma watu kumi na mmoja. Tangu siku hiyo naitwa Kamanda. Hugombania nafasi za kusukuma, na golikipa husukuma kwa mgongo huku akiuliza, "Kamanda, leo mzee kapakia vitanda au kapakia na walalaji?" Hucheka mpaka darasani, na mimi nikiwa katikati yao.

3. Mnaandika kwamba Daraja la Kwanza hudumu kilomita laki mbili. Kwenda na kurudi shule ni kilomita nane, na mwaka una siku mia mbili za masomo. Nimepiga hesabu: nitakuwa mpweke kwa miaka mia moja na ishirini na mitano. Sidhani kama shule itaniruhusu kukaa muda wote huo.

4. Kwa hiyo naomba muunde Daraja la Nne. Lizime ndani ya hatua kumi kutoka getini, si mbali zaidi, maana wengine wana viatu vibovu. Liwake baada ya kusukumwa hatua ishirini hadi arobaini. Chini ya hapo hakuna mazungumzo ya maana. Lisizime kamwe baba akiwa anapeleka vitanda kwa wateja, kwani wiki iliyopita alichelewa na bwana harusi alilala kwenye mkeka. Na likiwaka lenyewe getini ndani ya miaka miwili, tulirudishe mliharibu bure.

5. Msidhani najifikiria mwenyewe. Gari la mwalimu mkuu ni jipya na halijawahi kuzima. Hulifunga, akatembea peke yake hadi ofisini, na hakuna anayemuuliza amepakia nini. Naomba injini ya majaribio mumfungie yeye, bila kumwambia.

Wasalimie mafundi wote, mpaka rangi, mlinzi wa geti lenu, na yeyote aliyewahi kusukuma.

Mtoto wenu katika adabu,
Binti wa seremala, kidato cha pili.

Nyongeza: Leo lori limegoma nyumbani kabisa, hata mteremko haukufua dafu. Nimekwenda shule kwa miguu, nikipanga kupita nyuma ya ukuta. Nimewakuta wote kumi na mmoja wamesimama getini. "Kamanda, mzigo uko wapi?" Nikasema hakuna mzigo leo, poleni, nendeni tu darasani. Golikipa akanitazama kama niliyesema kwa lugha ya samaki. "Kwani ulidhani tunapenda moshi?" Tukaingia pamoja. Jioni wamenifuata hadi nyumbani, na sasa wamekaa nyuma ya lori lililokufa, wanamwuliza baba maswali ya vita ambavyo hakupigana, naye anayajibu. Nimeweka alama kwenye Daraja la Kwanza, baba ametia saini, fomu yenu ya kuagizia nimeikunja ndani ya barua hii, nami nakwenda kuwapelekea maji.